Taasubi Haianzi na Chuki

Kiswahili kina neno ambalo siku hizi halisikiki sana: taasubi. Tumezoea kusema udini, ubaguzi, chuki. Kwa habari za magazeti maneno hayo yanatosha. Kwa anayetaka kuelewa Wabahá'í, wafuasi wa dini iliyoanzishwa na Bahá'u'lláh katika karne ya 19, wanafundisha nini kuhusu uhasama wa kidini, yanachelewa kidogo, maana yote yanataja moto ukiwa umeshawaka. 'Abdu'l-Bahá, mwana wa Bahá'u'lláh aliyeongoza jumuiya ya Kibahá'í tangu 1892 hadi alipofariki Haifa mwaka 1921, alitumia lile lile taasubi la Kiarabu na Kiajemi. Mzizi wake ni kufunga na kukaza. Humo limetoka neno la kitambaa cha kufungia kichwa au jeraha, na pia neno la jamaa wa upande wa baba. Mwenye taasubi basi huenda hamchukii mtu yeyote. Amefungwa na wa kwao, na fundo limekazwa mno.

Naanza na neno kwa sababu ukilikosa hapa, taratibu zote zitakazofuata zitaonekana kama adabu tu za watu wapole.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860, Bahá'u'lláh akiwa uhamishoni Baghdad, alipokea maswali kutoka kwa mjomba wa Báb. Báb, mtangulizi wa Bahá'u'lláh, ndiye aliyetangaza ujumbe wake Shiraz mwaka 1844 na kuuawa kwa risasi Tabriz mwaka 1850. Mjomba huyu hakuwa na chuki na mtoto wa dada yake. Kilichomkwamisha ni yale aliyofundishwa tangu utotoni kuhusu dalili za kuja kwa Aliyeahidiwa: hayakulingana na kijana wa nyumbani kwao. Jibu alilopewa likawa kitabu kizima, Kitáb-i-Íqán, yaani Kitabu cha Yakini. Ndani yake mna sharti ambalo Wabahá'í hulinukuu mara nyingi kuliko wanavyolitimiza: anayetafuta ukweli ausafishe moyo wake hadi usibaki humo upendo wala chuki, upendo usije ukampeleka makosani akiwa kipofu, na chuki isije ikamfukuza mbele ya ukweli.

Upendo umetajwa kwanza. Waswahili hili walishaliona: ukipenda, chongo huita kengeza.

Matumizi yake ya kila siku ni mepesi kuyaeleza. Ukilinganisha dini mbili, pima maandiko kwa maandiko, na waumini kwa waumini. Makosa mengi hutokana na kuchukua aya nzuri ya kwetu na kuiweka kando ya tendo baya la mtu wa kwao, kisha kushangaa kwa nini mizani imeinama. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mbahá'í anayesema "dini yetu inafundisha umoja, tazama wenzetu wanavyopigana" amefanya kosa lilelile, na kwa kuwa limevaa nguo ya umoja, ni vigumu zaidi kuligundua.

Msingi wa imani upo wazi na nitaupita haraka. Mungu ni mmoja, na amejidhihirisha kwa vipindi kupitia Wadhihirishaji: Ibrahimu, Musa, Krishna, Zoroasta, Buddha, Yesu, Muhammad, Báb, Bahá'u'lláh. Kila mmoja alileta sheria za jamii kulingana na wakati wake, ilhali mafundisho ya kiroho yanarudi yaleyale. Hata huyu wa karibuni si wa mwisho: Bahá'u'lláh aliandika kwamba mwingine atakuja, ingawa si kabla ya kupita miaka elfu moja kamili. Kwa hiyo Mbahá'í hana ruhusa ya kujivunia kuwa mlango umefungwa nyuma yake. Pia kuna kauli ya 'Abdu'l-Bahá ambayo huwashtua watu wa dini: dini ikiwa chanzo cha chuki na utengano, ni afadhali kukaa bila dini.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi mafundisho haya yalivyoshuka hadi kwenye vyombo vya maji. Katika Iran ya karne ya 19, kwa wanazuoni wengi wa Kishia, Myahudi, Mkristo na Mzoroasta walikuwa najisi kwa miili yao, na unyevu ndio uliohamisha najisi hiyo: mkono wenye maji, nguo iliyolowa mvua, kikombe. Mwaka 1873, akiwa 'Akká alikofungwa na serikali ya Osmani, Bahá'u'lláh alikamilisha Kitáb-i-Aqdas, kitabu cha sheria. Humo alifuta dhana yote kwamba kuna watu walio najisi, na akaagiza kushirikiana na wafuasi wa dini zote kwa urafiki na mapatano. Katika miongo iliyofuata Wayahudi wa Hamadan na Wazoroasta wa Yazd walianza kujiunga, wakaketi na waumini waliozaliwa Waislamu. Kwa mtu aliyelelewa kukwepa mkono uliolowa, kupokea kikombe kutoka kwenye mkono huo ni kitendo kikubwa kuliko kukubali hoja.

Na haikuwa kwamba upole huo ulirithiwa. Bayán, kitabu cha Báb, kilikuwa na sheria kali, ikiwemo ya kuharibu vitabu, Bahá'u'lláh akaiondoa. Vita vya dini navyo akavifuta, na akaiweka hukumu hiyo kuwa habari njema ya kwanza katika waraka wake uitwao Bishárát.

Sasa tuje kwenye utendaji, tuanze na kikao cha sala, maana ndicho mgeni hukutana nacho kwanza. Wabahá'í hawana kasisi wala imamu, na sala ya jamaa hawana isipokuwa ya maiti. Hilo hurahisisha mambo: hakuna anayeongoza ibada, hivyo hakuna anayelazimika kufuata ibada ya mwenzake. Watu hukaa, mmoja husoma au kuimba, wengine husikiliza. Vifungu saba hadi kumi vifupi vinatosha, visizidi nusu saa, kisha chai na mazungumzo. Kuandaa ni kazi ya siku kadhaa kabla, na makosa huwa yaleyale.

La kwanza ni mwenyeji kuchagua aya zote yeye mwenyewe. Atachukua za umoja na upendo kutoka kila kitabu, na matokeo yake ni uji usio na chumvi: Qur'ani, Injili na Gita ya Wahindu vyote vinasema sentensi moja. Mwache Mwislamu achague aya yake na aisome kwa Kiarabu akitaka. Mwache Mkristo achague ya kwake. Huenda mmoja akaja na Yohana 14:6, "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima," na mwingine akaja na aya ya 19 ya Surat Aal Imran, isemayo kwamba dini mbele ya Mwenyezi Mungu ni Uislamu. Vema. Aya ngumu ikisomwa kwa utulivu mbele ya watu wanaoheshimiana, kikao kimefanya kazi ambayo aya kumi laini hazingeifanya.

La pili ni maelezo. Mtu anamaliza kusoma, na Mbahá'í mwenye bidii anaongeza, "Hapa Yesu alikuwa anamaanisha kwamba..." Papo hapo aliyesoma amenyang'anywa kitabu chake. Maelezo yakae baada ya sala, na yaanze kwa kumuuliza mwenye kitabu anakielewaje. Kumbuka pia kwamba Msahafu hauwekwi sakafuni wala chini ya rundo la vitabu vingine, na Waislamu wengi hawaushiki bila udhu. Ukitaka yeyote aweze kusoma tafsiri, chapisha aya kwenye karatasi. Saa nayo ichaguliwe kwa kufikiri: si adhuhuri ya Ijumaa, si Jumapili asubuhi, na ukiwaalika Wayahudi au Wasabato usiwawekee shughuli Jumamosi. Jioni ya Ramadhani, anza baada ya futari.

Utaratibu huohuo umejengwa kwa mawe katika Nyumba za Ibada. Zote zina pande tisa. Ndani husomwa maandiko matakatifu ya dini mbalimbali, hakuna mahubiri, hakuna ala za muziki, sauti ya binadamu peke yake, na hakuna sanamu wala picha ukutani. Ukiingia ile ya kilima cha Kikaya, Kampala, iliyofunguliwa 1961, au ya Delhi yenye umbo la yungiyungi, iliyofunguliwa 1986, au ile ndogo ya Matunda Soy, Kenya, ya 2021, kanuni ni hizohizo. Watu huuliza kwa nini mahubiri yamezuiwa. Jibu langu ni kwamba mahubiri ndiyo sehemu ambapo mtu huanza kuwaambia wengine maana ya vitabu vyao.

Fedha sasa. Asiye Mbahá'í haruhusiwi kuchangia mfuko wa dini ya Kibahá'í. Wengi hudhani ni ubaguzi, na mgeni mwema aliyenyoosha noti hujisikia amekataliwa. Sababu inatakiwa ielezwe palepale, kwa maneno machache: shughuli hizi ni zawadi, na anayezihudhuria hadaiwi kitu, hata shukrani yake haigeuzwi mchango. Akisisitiza, mwelekeze kwenye kazi ya hisani ya watu wote. Kosa la hatari zaidi ni kinyume chake: mwenyeji anaona haya, anapokea fedha "kidogo tu", na toka siku hiyo uhusiano umebadilika bila yeyote kusema.

Kufundisha imani kumeruhusiwa, na kwa Mbahá'í ni wajibu. Kusukuma mtu hakuruhusiwi. Mpaka kati ya hayo mawili hupimwa kwa maswali ya kawaida: je, mtu aliuliza? Alipoonyesha amechoka, ulinyamaza? Ulimwahidi manufaa yoyote, shule, dawa, kazi? Akikataa kuwa Mbahá'í, utaendelea kumtembelea? Swali la mwisho ndilo linalowaumbua wengi. Jirani anayehudhuria darasa la watoto au kundi la vijana chipukizi wa miaka 12 hadi 15 kwa miaka mitatu bila kubadili dini hajapotezewa muda wala hajapoteza muda wa mtu. Anayeanza kumhesabu kama "bado" ameshashika kamba ya taasubi upande wa pili.

Kwa watoto, Bahá'u'lláh aliandika kwamba shule ziwafundishe kwanza misingi ya dini, lakini kwa kiasi kisichowafikisha kwenye taasubi ya kijahili. Kwa kiasi: dini, kwa maoni yake, inaweza kuzidi kipimo. Mtoto wa Wabahá'í hulelewa katika imani hiyo, na akifika miaka 15 hutakiwa kuithibitisha mwenyewe. Hakuna anayeweza kumthibitishia. Wazazi wengine huandaa sherehe kabla mtoto hajajibu. Hapo uchunguzi huru wa ukweli, kanuni inayosomwa katika kila kijitabu cha Kibahá'í, unakuwa mapambo.

Nakaa kidogo kwenye ndoa, maana hapo ndipo kila kitu hujaribiwa kwa pamoja. Mbahá'í anaweza kumwoa au kuolewa na mtu wa dini yoyote au asiye na dini. Kwanza wawili wachaguane kwa hiari. Kisha wapate ridhaa ya wazazi wote wa kuwazaa walio hai, wa pande zote mbili, wawe Wabahá'í au wasiwe. Siku ya ndoa, mbele ya mashahidi wawili waaminifu wanaokubalika kwa Baraza la Kiroho la Mahali, yaani baraza la kuchaguliwa linaloongoza jumuiya ya mahali hapo, kila mmoja hutamka kwamba sisi sote, hakika, tutatii mapenzi ya Mungu. Mashahidi si lazima wawe Wabahá'í. Kama mwenzi ni Mkristo na anataka ndoa ya kanisani pia, inaruhusiwa, ila zote mbili zifanyike siku moja, na Mbahá'í asifiche imani yake, asiikane, wala asiape kuwalea watoto katika dini nyingine.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi kwenye karatasi: wanandoa wanakwenda kwa padri au shehe, wanapewa fomu, na ndani yake mna kiapo kuhusu watoto au shahada ya imani. Fomu isomwe miezi kabla, pamoja na kiongozi huyo, kwa heshima na bila ujanja. Wengine humweleza kila kitu wakakubaliana. Wengine hukataa, na hapo familia inachagua kufanya ndoa ya Kibahá'í peke yake. Kosa baya kuliko yote ni kusema "tutatamka tu, Mungu anajua mioyo."

Kuna fundo lingine gumu. Mzazi ana uhuru kamili wa kukataa, hata kama sababu yake ni kwamba mchumba ni wa dini au kabila asilolipenda. Sheria haimnyang'anyi uhuru huo. Yaani jumuiya inayofundisha kufuta taasubi inaipa taasubi ya mzazi nguvu ya kuzuia ndoa. Wapo wanaoona hapa mgongano, na siwalaumu. Ninavyoielewa mimi, sheria inawalazimisha vijana kurudi nyumbani, kukaa na baba au mama mara ya pili na ya tano, kumleta mchumba, kusubiri. Wakati mwingine moyo hulainika. Wakati mwingine haulainiki, na ndoa haifungwi, na hakuna maelezo yanayolipunguza hilo uchungu.

Kwenye uchaguzi wa mabaraza hakuna wagombea wala kampeni. Kila mpiga kura huandika majina tisa kwa siri. Kura zikilingana kwenye nafasi ya tisa, kwa kawaida hurudiwa kati ya waliolingana. Lakini mmoja wao akiwa wa kundi dogo ndani ya jumuiya hiyo, nafasi ni yake bila kurudia kura. Shoghi Effendi, mjukuu wa 'Abdu'l-Bahá aliyeongoza jumuiya baada yake, aliiweka kanuni hii katika barua ndefu ya 1938 kwa waumini wa Amerika Kaskazini, akitaja rangi, imani na mataifa. Mara nyingi hutumika kwa rangi na kabila. Makosa hutokea wasimamizi wanapoitekeleza kwa kunong'ona, kama jambo la aibu. Itangazwe kabla ya kura, kila mtu aisikie.

'Abdu'l-Bahá mwenyewe alikuwa na njia ngumu zaidi ya zote. Tarehe 12 Oktoba 1912, katika sinagogi la Emanu-El, San Francisco, aliwaambia Wayahudi kwamba Kristo ndiye aliyeeneza Torati na jina la Musa hadi nchi ambazo zisingemjua kamwe, na kwamba Qur'ani nayo inamtukuza Musa. Wakristo na Waislamu wamemkubali Musa, akauliza, na wamepungukiwa nini? Basi kwa nini nanyi msimkubali Kristo, ugomvi uishe? Mbele ya Wakristo naye alimtetea Muhammad. Wabahá'í hupenda kuisimulia ile ya sinagogi peke yake, na hilo ni hatari: kumwambia Myahudi ampende Kristo, baada ya karne za mateso mikononi mwa waliojiita wa Kristo, kunahitaji mtu ambaye kila jumba analoingia analiambia lile lisilopendeza humo. Asiyeweza kumtetea Muhammad mbele ya Wakristo anaowategemea asianze na Wayahudi.

Msomaji makini atauliza kuhusu wavunja Ahadi, na Wabahá'í wengi hubadilisha mada. Ni hivi. Mtu akiacha dini ya Kibahá'í, hatengwi. Anabaki rafiki, ndugu, jirani. Anayetengwa ni yule aliyekuwa muumini, akapinga mamlaka ya uongozi mkuu wa dini huku akijaribu kuigawa dini hiyo. Uamuzi huo hautolewi na baraza la mahali bali na Kituo cha Ulimwengu, makao makuu ya dini yaliyoko Haifa, na ni nadra. Sababu inayotolewa ni kwamba dini nyingi ziligawanyika kwa njia hiyo, na migawanyiko ikazaa uhasama uleule. Kwangu hoja hiyo ina uzito, lakini kuna hatari ya wazi ya neno hilo kutumiwa ovyo kwa kila anayeuliza maswali makali. Kumwita mtu hivyo bila uamuzi huo kutolewa ni kosa zito.

Mwezi wa Aprili 2002 Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, baraza kuu la Wabahá'í duniani, iliwaandikia viongozi wa dini duniani. Barua ilisema kwamba taasubi za rangi, jinsia na taifa zimeanza kupoteza uhalali machoni pa watu, lakini ya dini ingali inalindwa, na kwamba kiini cha tatizo ni madai ya kila dini kuwa na ukweli peke yake au neno la mwisho. Haikuomba dini yoyote ivunjwe.

Iran ndiko mafundisho haya yanakopimwa na anayeumia. Tarehe 18 Juni 1983 wanawake kumi Wabahá'í walinyongwa Shiraz, mdogo wao akiwa na miaka 17. Miongoni mwa makosa waliyoshtakiwa ni kufundisha watoto madarasa ya dini. Vijana waliofukuzwa vyuoni walianzishiwa chuo chao mwaka 1987, kikifundisha majumbani. Kwa miaka mingi fomu ya mtihani wa kuingia vyuo vikuu ilitaka mwombaji achague dini moja kati ya nne: Uislamu, Ukristo, Uyahudi, Uzoroasta. Mbahá'í anaziamini zote nne kuwa zimetoka kwa Mungu, na angeweza kujiambia kwamba kuweka alama kwenye mojawapo si uongo mkubwa. Lakini taqiya, yaani kuficha imani ili kuepuka madhara, imekatazwa katika dini yake. Aliyerudisha fomu bila alama, maombi yake hayakwenda mbali.